Ndoo Tupu Kwenye Foleni: Miswada Hewa na Siku Zilizo Mali ya Wananchi



Mtaa niliokulia ulikuwa na bomba moja. Maji yalifunguliwa alfajiri, lakini foleni ilianza usiku, na waliokesha kwenye foleni hiyo hawakuwa watu, zilikuwa ndoo. Baada ya chakula cha usiku mama alikuwa akinituma nikapange ndoo yetu, ile ya bluu iliyoandikwa jina la baba ubavuni kwa rangi ya mafuta, kisha nirudi nikalale. Asubuhi niliikuta palepale nilipoiacha, nyuma ya ndoo ya mama wa nyumba ya pili na mbele ya dumu la fundi baiskeli. Hakuna aliyeisogeza. Ndoo tupu ilihesabiwa kama mtu aliyesimama, na utaratibu huo haukumdhulumu yeyote, kwa sababu ndoo ya lita 20 iliyopangwa usiku ndiyo hiyohiyo iliyotekewa maji asubuhi.

Mpaka siku muuza maji mmoja alipopanga ndoo yake ndogo usiku kama sisi sote, na zamu yake ilipofika akaiweka kando, akasogeza mkokoteni wenye madumu 12. Kina mama wakapiga kelele. Yeye akajibu kwa utulivu: "Nimepanga tangu jana. Ninyi wenyewe mmeniona." Na kweli tulimwona. Ndoo tuliiona. Jibu lile limenikaa kichwani miaka yote hii, maana kila neno lake lilikuwa kweli, na lote kwa pamoja lilikuwa uongo.

Jioni hii nitazungumza juu ya ndoo za namna hiyo zinazopangwa ndani ya mabunge. Mifano yangu mingi inatoka Marekani, kwenye mabunge ya majimbo, kwa sababu huko desturi hii imekomaa. Ina majina yake, ina kesi zake mahakamani, na ina watetezi wanaoitetea bila kificho. Ya nyumbani nitayagusa pia, kwa kiasi kinachostahili.

Tuanze na kalenda. Bunge la jimbo la Washington, lile la kaskazini-magharibi ambalo makao yake ni Olympia, halikai mwaka mzima. Katiba ya jimbo inalipatia siku 105 katika mwaka wa namba witiri na siku 60 katika mwaka wa namba shufwa. Katiba hiyohiyo inasema muswada usijadiliwe kama haukuwasilishwa angalau siku 10 kabla ya Bunge kufunga mkutano wake, isipokuwa theluthi mbili ya wajumbe wote wa kila baraza waamue vingine. Waliotunga maneno hayo mwaka 1889 walijua tabia ya binadamu. Walijua kwamba mambo mazito hupenda kuletwa dakika za mwisho, watu wakiwa wamechoka na mabegi yako mlangoni.

Sasa mtunga sheria mwenye jambo ambalo hajaliandika, au ameshaliandika lakini hataki lionekane mapema, anafanyaje? Anapanga ndoo. Kabla mlango haujafungwa anawasilisha muswada wenye jina na namba, na ndani yake hamna kitu.

Niliwahi kuchapisha muswada wa aina hiyo nikauweka mezani kwangu, nikautazama kama mtu anavyotazama bahasha iliyofika bila barua. Juu kuna namba. Chini yake kuna jina la baraza na la mkutano, kisha majina ya wajumbe waliouleta, kisha siku uliposomwa mara ya kwanza na kamati uliyopelekewa. Halafu jina: Sheria inayohusu mambo ya fedha. Pambizoni kushoto zimeshuka namba za mistari, moja, mbili, tatu, na mbele yake sentensi moja ikieleza kwamba sheria hii inaweza kuitwa sheria ya mambo ya fedha. Basi. Zile namba za mistari zimewekwa ili mjumbe au mwananchi anayetaka kusahihisha aweze kusema: ukurasa fulani, mstari fulani, neno hili liondoke. Pale hapakuwa na neno la kuondoa.

Huko Washington miswada hii inaitwa ya jina tupu, na wasioipenda huiita mizimu. Sisi tunalo neno letu. Tulipogundua majina kwenye orodha ya mishahara ya serikali yasiyo na watu nyuma yake, tuliwaita wafanyakazi hewa. Basi na hii niiite miswada hewa. Mfanyakazi hewa hula mshahara, muswada hewa hula siku.

Tazameni ulavyo. Mwaka 2019 mkutano wa Bunge la Washington ulikuwa ufungwe Jumapili, tarehe 28 Aprili. Kwenye orodha ulikuwamo muswada namba 2167 wa Baraza la Wawakilishi, ambao kwa jina lake ulihusu mapato ya kodi. Ndani yake hapakuwa na kodi yoyote. Ijumaa ya tarehe 26 ndipo maandishi yalipoonekana: kodi ya nyongeza ya asilimia 1.2 kwa mabenki na taasisi za fedha ambazo faida yake kwa mwaka inafika dola bilioni 1. Jumapili hiyo mabaraza yote mawili yalikuwa yameshaupitisha. Mwezi uliofuata Gavana Jay Inslee akautia saini.

Sina ugomvi na kodi yenyewe. Benki yenye faida ya dola bilioni moja inaweza kulipa, na kama ningekuwa mjumbe kule huenda ningesema ndiyo. Mabenki yalikwenda mahakamani yakidai kwamba kodi hiyo inayaonea yaliyo na makao nje ya jimbo, na mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Washington ikaamua kwamba kodi ni halali. Lakini fikirini aliyeweza kufika mahakamani. Ni mwenye mawakili. Aliyefanyiwa haraka ya siku tatu safari ile alikuwa tajiri, akajitetea. Njia iliyotumika haikufungwa baada ya yeye kupita. Ipo wazi kwa muswada ujao, na atakayekutana nao ghafla siku hiyo anaweza kuwa mwuguzi, mvuvi au mpangaji wa chumba kimoja, ambaye Ijumaa jioni yuko kazini na Jumapili yuko kanisani.

Hapa inafaa tujiulize kwa nini sheria husomwa mara tatu. Wengi wetu tumezoea kuisikia lugha hiyo bungeni, kusomwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, tukadhani ni mapambo kama joho la Spika. Desturi hiyo ilikomaa katika Bunge la Uingereza kufikia karne ya 16. Nakala za muswada zilikuwa adimu, hivyo karani alisimama akausoma kwa sauti, wajumbe wakasikiliza. Mara ya kwanza wapate habari. Mara ya pili wabishane juu ya kiini chake. Mara ya tatu, baada ya kamati kuufanyia kazi, waamue. Kati ya usomaji mmoja na mwingine ziliachwa siku, watu walale na jambo lile, waamke nalo, waulizane. Majimbo mengi ya Marekani yaliuchukua utaratibu huo yakauandika kwenye katiba zao, na mengine yakaongeza sharti kwamba usomaji uwe katika siku tofauti.

Ndiyo sababu nasema siku hizo ni mali ya wananchi. Mjumbe hazihitaji sana, yeye anaweza kumpigia simu mwandishi wa muswada wakati wowote. Anayezihitaji ni yule aliye nje ya jengo, ambaye anatakiwa kwanza asikie, kisha aelewe, kisha awatafute wenzake, kisha aombe ruhusa kazini, kisha asafiri. Hesabuni hatua hizo mwone zinakula siku ngapi. Kanuni ya usomaji mara tatu ni siku alizowekewa mtu huyo. Ukisoma mara tatu karatasi isiyo na maandishi umezitumia siku zake zote, naye hajapata hata neno moja la kulala nalo.

Niwapeleke Hawaii, kwa sababu huko jambo hili lilifikishwa mwisho wake.

Katiba ya Hawaii haina utata: muswada hauwi sheria mpaka usomwe mara tatu katika kila baraza, katika siku tofauti. Hata hivyo Bunge la jimbo hilo, lenye makao Honolulu, lina desturi ya miswada mifupi. Kifungu cha kwanza cha muswada wa namna hiyo husema kwamba lengo la sheria hii ni kutekeleza jina la sheria hii. Kifungu cha pili husema kwamba sheria za Hawaii zinarekebishwa zilingane na lengo la sheria hii. Yasomeni tena taratibu maneno hayo. Jina linaelekeza kwenye lengo, lengo linarudisha kwenye jina, na msomaji anazungushwa kama mtoto aliyefungwa kitambaa machoni.

Desturi ya pili ya kule ni ndugu wa hiyo, na kwangu mimi ni nzito zaidi. Badala ya kupanga ndoo tupu, unachukua ndoo ya mwenzako iliyokwisha kusogea mbele, unamwaga maji yake, unatia yako. Wenyewe wanasema kutoa utumbo na kubadilisha. Jumuiya za kiraia huko zilichukizwa na mtindo huo kiasi cha kuanzisha tuzo ya kila mwaka ya kisu cha upasuaji chenye kutu, kwa muswada uliopasuliwa vibaya kuliko yote.

Mwaka 2018 Seneti ya Hawaii ilipokea muswada namba 2858, jina lake likiwa ni usalama wa umma. Kilichokuwamo kilikuwa kidogo na cha maana: idara inayosimamia magereza itoe ripoti kila mwaka kuhusu jinsi inavyowaandaa wafungwa kurudi katika maisha ya kawaida, ili ijulikane kama wanaotoka wanarekebika au wanarudi palepale. Seneti iliusoma mara zote tatu ukiwa hivyo. Watu walioshughulika na wafungwa walitoa maoni yao juu ya wafungwa. Muswada ukavuka kwenda Baraza la Wawakilishi, na huko kamatini ukatolewa utumbo. Yaliyoingizwa mahali pake yalihusu vimbunga: shule mpya za umma zinapobuniwa na kujengwa, ufikiriwe uwezo wake wa kustahimili kimbunga, watu wapate pa kujikinga. Jina halikubadilika. Wafungwa na vimbunga vyote viwili, ukitaka, ni usalama wa umma. Mwaka huohuo ukawa Sheria namba 84.

Nisimame hapa kidogo. Mtu atasema: shule imara ni jambo jema. Ni jema sana. Hawaii ilipigwa na kimbunga Iniki mwaka 1992, na kisiwa cha Kauai kiliharibiwa vibaya, kwa hiyo hakuna wa kuwafundisha watu wale hofu ya upepo. Lakini jema hilo lilikuwa na watu wake wa kulisemea. Wapo wahandisi wanaojua gharama ya ukuta wa kustahimili upepo. Wapo walimu wakuu ambao shule zao ndizo zingefunguliwa usiku wa dhoruba. Wapo wazazi. Watu hao, muswada ulipokuwa Seneti, wangeusoma kwa nini? Ulikuwa wa wafungwa.

Na wale wa wafungwa je? Hili ndilo linaloniuma. Muswada wao haukushindwa. Hakuna mjumbe aliyesimama akasema, mimi sitaki ripoti ya magereza, na sababu zangu ni hizi. Hakuna kura iliyopigwa dhidi yake, kwa hiyo hakuna jina la kuulizwa wakati wa uchaguzi. Ulikufa wakati umesimama, ukiwa bado umevaa namba yake na jina lake, na mwili wake ukaendelea kutembea mpaka ofisi ya gavana. Barua za watu waliowaombea wafungwa zilibaki ndani ya jalada la sheria ya vimbunga. Bunge likikataa ombi lako limekujibu. Likilifuta ombi lako na kuitumia karatasi yake kwa shughuli nyingine, halijakujibu, na hata pa kuanzia kulalamika hujui.

Jumuiya mbili, League of Women Voters na Common Cause, zikafungua kesi. Hukumu yake nitairudia.

Haki inataka niwasikilize na wanaoitetea desturi hii, na baadhi yao ni watu makini. Hoja yao ya kwanza ni kwamba tarehe za mwisho huwekwa mapema mno. California, kwa mfano, huwataka wajumbe wawasilishe miswada ya mwaka mnamo Februari, na katiba ya jimbo inakataza muswada kufanyiwa kazi kabla ya siku 30 kupita tangu uwasilishwe. Moto ukiunguza miji mwezi Agosti, wakati katika mwaka wa uchaguzi Bunge linafunga kazi tarehe 31 ya mwezi huohuo, mjumbe asiye na muswada wa akiba atabaki kutazama moshi. Hoja ya pili ni kwamba maafikiano huchelewa: wenye mashamba na wenye mito wanazungumza miezi sita, mapatano yanapatikana wiki ya mwisho, na maandishi hayawezi kutangulia mapatano. Ya tatu inahusu waandishi wa sheria. Ni watu wachache, kila mjumbe anawataka siku ileile, na ndiyo maana miswada ya akiba ya California hubadilisha neno moja lisilo na uzito katika sheria iliyopo, ili kulinda nafasi mpaka kalamu ipatikane.

Hoja hizo nazikubali kwa sehemu. Dharura zipo, na mapatano mema hayaji kwa kengele. Lakini katiba zenyewe zilishaiona dharura na kuiwekea mlango. California inaruhusu zile siku 30 zirukwe, kwa robo tatu ya wajumbe wa baraza kupiga kura kwa kuitwa majina na kura hizo kuandikwa kwenye kumbukumbu. Washington inaruhusu kwa theluthi mbili. Mlango huo una bawabu, anayepita humo anaandikwa jina. Muswada hewa ni dirisha la nyuma, na anayelitumia hukwepa mambo mawili kwa pamoja, zile siku na kule kuandikwa jina.

Dirisha likishazoeleka, dharura hukoma kuwa sababu. Mwaka 2012 wabunge wa California walipitisha bajeti ambayo ndani yake ilitaja orodha ya miswada mingine kuwa inahusiana na bajeti, na miswada hiyo ilikuwa mitupu. Faida ya kuhusiana na bajeti ni kwamba muswada unapita kwa wingi wa kawaida wa kura na kuanza kutumika papo hapo. Mmojawapo, namba 1499, ulijazwa baadaye. Ulipewa fungu la dola 1,000, ili uonekane wa bajeti, pamoja na kanuni mpya ya mpangilio wa maswali kwenye karatasi ya kura. Matokeo yake pendekezo la kodi la Gavana Jerry Brown, lile namba 30, likakaa la kwanza kwenye orodha ya Novemba. Dola 1,000, katika bajeti ya mabilioni. Mahakama ya Rufani ya California, huko Sacramento, ilisema haikubaliki kutaja karatasi tupu kwenye bajeti na kuijaza baadaye, ila uamuzi ulipotoka kura zilikuwa zimeshapigwa na maji yameshamwagika.

Wananchi wenyewe ndio waliopunguza tatizo. Novemba 2016, kwa kura ya moja kwa moja, watu wapatao 65 katika kila 100 walikubali pendekezo namba 54: muswada usipitishwe mpaka maandishi yake ya mwisho yawe yamechapishwa na kuwekwa kwenye intaneti kwa saa 72. Ni hatua kubwa na nawapongeza. Lakini saa 72 zinamtosha mwanasheria wa kampuni aliyeajiriwa kusoma. Mwenyekiti wa chama cha wavuvi, akizipata Ijumaa, atakuwa bado anawatafuta wanachama wake baharini zitakapokwisha.

Illinois nitaipitia haraka, ingawa ingestahili mhadhara wake. Katiba ya huko pia inataka siku tatu tofauti katika kila baraza, na Bunge hutengeneza miswada-gamba kwa wingi ikisubiri kujazwa. Sheria ya kupiga marufuku bunduki za kivita, iliyotiwa saini Januari 10, 2023, miezi michache baada ya watu 7 kuuawa katika gwaride la Julai 4 huko Highland Park, ilipita ndani ya muswada ulioanza ukiwa wa bima. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini bunduki hizo hazina kazi mtaani, na hapo ndipo imani yangu inapopimwa, kwa sababu siwezi kulaani mkokoteni wa muuza maji na kuusifu wa jirani yangu. Mahakama za Illinois kwa miongo mingi zimekataa kufunua jalada: wakuu wa mabaraza mawili wakithibitisha kwamba taratibu zimefuatwa, basi zimefuatwa. Funika kombe mwanaharamu apite. Mahakama ya Juu ya jimbo iliwahi kuandika, mwaka 1992, kwamba Bunge limeonyesha nidhamu hafifu mno ya kujisimamia katika sharti hilo, kisha ikaendelea kulifumbia macho.

Nyumbani sasa. Tanzania haina miswada ya jina tupu kama ya Olympia, kwa kuwa Serikali inapotaka kwenda mbio inayo hati ya dharura, ambayo Rais huitia saini na masharti ya kuchapisha muswada mapema yakaondoka. Hivyo ndivyo miswada ya maliasili ilivyoletwa mwishoni mwa Juni 2017 na kupitishwa mwanzoni mwa Julai, siku chache tu kwa sheria zilizobadilisha uhusiano wa nchi na wachimbaji wa madini yake. Nimeilaumu haraka ile na bado nailaumu. Hata hivyo hati ya dharura ina unyoofu ambao muswada hewa hauna. Mtu mmoja ameweka jina lake chini ya maneno yanayosema: siku hizi nimeziruka. Mwananchi anajua ameruka nani, lini na kwa kisingizio gani. Muswada hewa unasema siku zimetimia. Kumnyima mtu siku zake ni kosa. Kuandika kwenye kumbukumbu kwamba alipewa ni kosa jingine, na mimi naliona kubwa zaidi.

Kenya wamelifikisha swali hili mahali pa juu kuliko sisi sote. Katiba yao, ibara ya 118, inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilipopita, vifungu kadhaa vilikuwa vimeingizwa baada ya wananchi kutoa maoni. Mahakama ya Rufani, Julai 31, 2024, ikasema sheria nzima ni batili, na moja ya sababu ni hiyo, kwamba watu hawakuulizwa juu ya maneno yaliyokuja nyuma yao. Oktoba 29 mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikaugeuza uamuzi: maoni ya wananchi yanapaswa kuzaa mabadiliko, na kama kila badiliko litarudishwa kwa wananchi Bunge halitamaliza kazi. Naiona nguvu ya hoja hiyo. Muswada usioweza kubadilika ungeyafanya maoni yetu kuwa bure. Ila liko badiliko linalozaliwa na aliyosema mwananchi, na liko linaloingia kwa kuwa mwananchi ameshaondoka ukumbini. Mahakama inaweza kuyatenganisha, ikikubali kufunua jalada na kusoma.

Honolulu walifunua. Novemba 4, 2021, Mahakama ya Juu ya Hawaii, majaji watatu dhidi ya wawili, ilitamka kwamba Sheria namba 84 ilipitishwa kinyume cha katiba. Kuhesabu namba na jina, walisema, hakutoshi. Maandishi yakibadilishwa yakawa hayana uhusiano na yale ya mwanzo, basi ni muswada mpya na usomaji uanze upya, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, siku kwa siku. Majaji wawili waliopinga waliona mahakama inaingia jikoni kwa Bunge. Mimi naona iliingia kwenye foleni ya bomba, ikamwuliza muuza maji swali ambalo kina mama wa mtaani kwetu hawakupata nguvu ya kumwuliza: tumeiona ndoo, je, madumu haya tuliyaona lini?

Sheria ya shule na vimbunga ikaanguka siku hiyo. Mahakama ina uwezo wa kufuta, haina uwezo wa kufufua. Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu Seneti iusome mara tatu ule muswada wa wafungwa, na hukumu haikuweza kuurudisha. Ripoti iliyotakiwa kila mwaka, ya kueleza wanaotoka gerezani wanarudi nyumbani wakiwa na nini mkononi, ilibaki ndani ya jalada namba 2858, chini ya maandishi yaliyowekwa juu yake kisha nayo yakabatilishwa.